Siku ya Upara wa Huruma

Nchi ninayoieleza haimo kwenye ramani, kwa sababu ofisi inayochora ramani imefungwa tangu mwaka juzi na wafanyakazi wake wote wako semina. Jina lake nalijua, ila kulitaja bila kuweka cheo mbele yake ni kosa, na cheo chenyewe hubadilishwa kila Ijumaa. Kwa hiyo nitasema tu nchi hiyo. Ina milima, ina mito, ina Wizara ya Huruma.

Wizara hiyo ilianzishwa baada ya serikali kugundua kwamba wananchi walikuwa wakihurumiana ovyo, kila mtu na jirani yake, bila fomu wala mhuri. Waziri wake alikuwa Mheshimiwa Balozi Mhandisi Dokta Zebedayo. Hakuwahi kuwa balozi popote, hakuwahi kujenga hata banda la kuku, na hakuwahi kumtibu mtu, lakini alikuwa mnyenyekevu. Alituruhusu tumwite Mheshimiwa Zebedayo tu.

Mwaka huo alisafiri kwenda nchi za baridi kuangalia jinsi wenzetu wanavyohurumiana. Huko akaonyeshwa shule moja ambako watoto walinyoa vichwa ili kuwaunga mkono wagonjwa wa kansa, maana dawa za kansa huwapukutisha wagonjwa nywele. Kwa kila mtoto aliyenyoa, ndugu na majirani walichanga hela za matibabu. Mheshimiwa Zebedayo akalia. Picha yake akilia ilifika nyumbani kabla yake, ikabandikwa katika kila zahanati, pale palipokuwa na orodha ya dawa zilizopo. Hakuna aliyelalamika, kwa kuwa orodha yenyewe ilikuwa tupu.

Aliposhuka kwenye ndege, hata mguu wa pili haujagusa ardhi, akatamka: "Kila mtoto wa shule katika nchi hii atanyoa kichwa kwa ajili ya wagonjwa wa saratani, na kila mwananchi atachangia!"

Watu wakapiga makofi. Kulikuwa na tatizo moja dogo tu. Watoto wote wa shule katika nchi hiyo walikuwa wamekwisha kunyolewa.

*

Mimi nilikuwa nikipika uji katika Shule ya Msingi Mapinduzi ya Tatu, wilaya ya mwisho kabisa kabla nchi haijaisha. Dirisha la jiko lilitazama uwanja wa paredi, kwa hiyo niliyaona na kuyasikia mengi bila kumuuliza mtu.

Kila Jumatatu, mwalimu wa zamu alipita kwenye mistari na fimbo kwapani, akipitisha kiganja juu ya vichwa, wasichana kwa wavulana. Kichwa kikikwaruza, mwenyewe alichapwa viboko vitatu, kisha akachongwa barabara katikati ya nywele kwa mkasi wa kukatia karatasi ili akamalizie nyumbani. Nchi hiyo inaamini kwamba nywele hunyonya akili. Imani hiyo haiwahusu mawaziri, ambao hufuga nywele na kuzipaka rangi nyeusi.

Basi ukaja Waraka Namba Saba wa Wizara ya Huruma. Ulisema wanafunzi wote waote nywele mara moja, ili siku ya kampeni wawe na kitu cha kunyoa. Ulisisitiza kwamba kuota nywele ni wajibu wa mwanafunzi mwenyewe na mzazi asiingilie. Siku tatu baadaye ukaja waraka mwingine, nao Namba Saba, wa Wizara ya Elimu. Huo ulisema kichwa chochote kitakachokutwa na nywele kirudishwe nyumbani pamoja na mwenye nacho.

Mwalimu Mkuu wetu, Mwalimu Mfaume, alikuwa mtu mwembamba aliyeogopa bahasha. Alikuja jikoni, akaketi juu ya gunia la unga na nyaraka zote mbili magotini, akanywa kikombe cha uji wa watoto, kisha cha pili.

"Dada," akaniuliza, "ungekuwa wewe ungefanyaje?"

"Sijui, Mwalimu."

"Hata mimi sijui. Ndiyo maana nimeandika barua kuuliza."

Jibu halikuchelewa. Kamati ya wizara mbili ilikutana siku nne katika hoteli yenye bwawa la kuogelea, ikafikia mwafaka uliosifiwa na magazeti yote mawili. Nusu ya kulia ya kila kichwa cha mwanafunzi itakuwa chini ya Wizara ya Huruma, nayo itaota nywele. Nusu ya kushoto itabaki chini ya Wizara ya Elimu, nayo itanyolewa. Mpaka utaanzia katikati ya paji la uso na kushuka hadi kisogoni, na mwanafunzi atakayeusogeza atachukuliwa kuwa amevamia.

Kwa siku arobaini, watoto mia sita walitembea kijijini kwetu wakiwa na vichwa nusu kwa nusu. Jumatatu mwalimu wa zamu alipitisha viganja viwili. Cha kushoto kikikwaruza, viboko. Cha kulia kisipokwaruza, viboko. Ng'ombe walishtuka mwanzoni, wakazoea.

"Wewe, leo nikusalimie upande gani?" watoto walitaniana njiani. "Wa huruma au wa elimu?"

"Nisalimie wa huruma. Wa elimu unauma."

Aliyejibu hivyo alikuwa Siwema, binti wa darasa la sita, mwenye shingo ndefu na maneno ya haraka. Ndiye aliyekuwa akinisaidia kuokota mawe kwenye maharage, na ndiye ninayetaka kueleza habari zake, ingawa magazeti yalieleza za Mheshimiwa.

*

Mama yake Siwema aliitwa Bi Mashavu. Alikuwa msusi. Alisukia kwenye kibaraza chake, mkabala na shule, na hakuwa na bango lolote la biashara zaidi ya kichwa chake mwenyewe. Alikuwa na nywele nyingi, nyeusi, alizozisuka kila Jumapili kwa mtindo mpya. Jumatatu wanawake walipita kwa makusudi ili wamtazame, na Jumanne walikuja kukaa kwenye mkeka wake.

Mwaka huo aliona uvimbe kwenye titi la kushoto. Alikwenda hospitali ya wilaya, daktari akampima, akampima tena, akamwambia ni kansa.

"Lakini usikate tamaa, mama," daktari alimwambia. "Bado ni mapema. Ukienda Hospitali Kuu sasa hivi, hii inatibika. Unachotakiwa kuwa nacho ni barua ya rufaa tu."

Barua ya rufaa aliiandika daktari, lakini mhuri wake uliwekwa na Afisa Huruma wa Wilaya, Bwana Kanuti, kwa kuwa mgonjwa asiyehurumiwa kiserikali hawezi kupokelewa. Bi Mashavu akaenda ofisini kwa Bwana Kanuti. Mlango ulikuwa umefungwa. Juu yake palikuwa na karatasi: AFISA YUKO KWENYE KAMPENI YA WAGONJWA WA SARATANI.

Akaenda mara ya pili. Ya tatu. Mara ya sita alimkuta karani amelala juu ya meza.

"Njoo kampeni ikiisha, mama."

"Inaisha lini, mwanangu?"

"Wagonjwa wakiisha," karani alisema, akageuzia shavu upande mwingine.

*

Wakati huo kila mwanafunzi alikwisha kupewa Kadi ya Huruma. Kadi ilikuwa na picha ya Mheshimiwa akilia na visanduku ishirini chini yake. Mtu akichangia Mfuko wa Huruma wa wizara, anaweka sahihi katika kisanduku kimoja. Kadi isiyojaa iliitwa kadi katili, na mwenye nayo hakuruhusiwa kuingia darasani.

Nyumba zetu zilikuwa mia moja na themanini. Watoto walikuwa mia sita. Ikawa mtu akitoka kwenda chooni anakuta watoto watano nje wamesimama na kadi, nusu ya nywele zimesimama pia. Wanaume waliingia mashambani kabla ya alfajiri, jambo ambalo Waziri wa Kilimo alilitaja bungeni kama mafanikio. Mwenye duka alibandika tangazo: HAPA TUMESHAHURUMIA. Mzee mmoja aliweka sahihi kwenye kadi thelathini na mbili, akaishiwa, akabaki na kuku asiyetaga, naye akachukuliwa na mtoto wa darasa la kwanza.

Kila asubuhi Mwalimu Mfaume alisimama mbele ya paredi akasoma majina ya wenye kadi katili. Siku moja jina la Siwema likasomwa. Kilibaki kisanduku kimoja.

"Nenda nyumbani," Mwalimu akasema. "Usirudi bila kisanduku hicho."

"Mwalimu, nyumbani yupo mama tu."

"Basi mama yako achangie wagonjwa wa saratani."

"Mama yangu ndiye mgonjwa wa saratani."

Mwalimu Mfaume alitazama daftari lake, akatazama mbingu, akatazama gari la wilaya lililoegeshwa getini. "Ndiyo vizuri," akasema. "Atakuwa anaelewa umuhimu wake."

Bi Mashavu alikuwa na nauli ya kwendea Hospitali Kuu, ameifunga kwenye pindo la khanga. Alifungua fundo, akampa binti yake.

"Mama, hii si ya safari?"

"Safari bila barua ni matembezi, Siwema. Nenda darasani. Barua ikija, nauli nayo itakuja."

Jioni Siwema alirudi na stakabadhi. Ilikuwa imepigwa chapa kwa herufi nzuri: ASANTE KWA KUMSAIDIA MGONJWA USIYEMJUA.

*

Wiki ya sherehe, Bwana Kanuti alifika shuleni kwa pikipiki ya serikali. Alikuwa amevaa tai yenye picha ya Mheshimiwa akilia, na kila alipoinamia kikombe alichopewa jikoni, machozi ya Mheshimiwa yaligusa uji.

"Mheshimiwa anakuja Alhamisi," alimwambia Mwalimu Mfaume. "Shule yenu imeteuliwa kitaifa. Mahema tunayo, bendi tunayo, waandishi tunao. Tumekosa mgonjwa."

"Tunaye mmoja, Afande," Mwalimu alijibu. Bwana Kanuti hakuwa askari, ila Mwalimu alimwita Afande kila mtu aliyekuja na pikipiki. "Mama wa mwanafunzi. Anakaa hapo mbele."

Bi Mashavu akaitwa, akaja na Siwema nyuma yake. Niliwakaribisha jikoni kwa kuwa ofisi ilikuwa imejaa maboksi ya fulana.

"Wewe ndiye mgonjwa?" Bwana Kanuti aliuliza.

"Ndiyo, baba. Nimekuja ofisini kwako mara saba."

"Mbona sikukuona?"

"Ulikuwa kwenye kampeni yangu."

Bwana Kanuti alimzunguka taratibu, kama mtu anayenunua kabati. Akasimama nyuma yake, akatikisa kichwa. "Hapana. Hapana kabisa. Mwalimu, huyu hafai. Tazama nywele hizi! Mgonjwa wa saratani hana nywele. Ndiyo msingi wa kampeni nzima."

"Nywele zinatolewa na dawa, baba," Bi Mashavu alisema. "Mimi sijapewa dawa. Nigongee mhuri barua yangu, nikapate dawa, zitatoka zenyewe."

"Zitatoka Alhamisi?"

"Siyo Alhamisi."

"Basi zitolewe."

"Baba, mimi ni msusi. Nywele hizi ndizo kazi yangu. Nani atakuja kusukwa na mwanamke mwenye upara?"

"Mama, sikiliza. Unataka nywele au unataka barua?"

Nilikuwa nakoroga uji, nikaacha kukoroga.

"Nitapewa lini?" Bi Mashavu akauliza.

"Jukwaani hapo hapo. Mbele ya watu wote, kwa mkono wa Mheshimiwa mwenyewe. Mhuri nitakuwa nao mfukoni."

"Kama unao mfukoni, gonga sasa," Siwema akadakia.

Bwana Kanuti alimgeukia. "Mtoto huyu ana kichwa nusu, lakini mdomo umekamilika."

"Mdomo haujapangiwa wizara," Siwema akasema, na Mwalimu Mfaume akakohoa kwa nguvu ili lisisikike.

Bi Mashavu alikubali, kwa sharti moja. Hakutaka kuguswa na mkono wa ofisi. Alikaa kwenye kigoda changu, nikachemsha maji, Siwema akamnyoa kwa wembe. Nywele ziliangukia miguuni kwao na hakuna aliyezifagia mpaka jioni.

"Unanikwangua, siyo unaninyoa," mama alisema. "Ungekuwa mfanyakazi wangu ningekufukuza leo."

"Tulia basi, mama. Unacheka, kichwa kinatingishika."

"Sicheki."

Kweli hakuwa anacheka.

*

Alhamisi watoto walipangwa uwanjani saa kumi na mbili asubuhi, kwa kuwa Mheshimiwa alitarajiwa saa tatu. Alifika saa tisa alasiri. Kulikuwa na hema la wageni, hema la bendi, na hema la kiti cha Mheshimiwa, ambacho kililetwa jana yake na kulindwa usiku kucha na askari wawili. Watoto walikuwa juani. Jua liliwachoma zaidi upande wa elimu.

Mheshimiwa Zebedayo alinyoa mtoto wa kwanza kwa mkasi wa dhahabu, kidogo tu, akamkata sikio, kidogo tu. Bendi ikapiga. Vinyozi kumi na mmoja wakamalizia waliobaki. Nusu zote za kulia zikaondolewa, watoto wakarudi walivyokuwa kabla ya kampeni, na nchi nzima ikaambiwa hayo ni mabadiliko makubwa.

Ikasomwa ngonjera. Watoto thelathini, Siwema akiwa mstari wa mbele, waliimba wakinyoosha vidole kuelekea barabarani:

"Ewe kansa, funga virago, ondoka,
Zebedayo amefika, amechoka!"

Neno la mwisho liliwekwa na Bwana Kanuti mwenyewe, akieleza kwamba kiongozi asiyechoka hafanyi kazi.

Kisha ikaletwa hundi ya kadibodi yenye ukubwa wa mlango wa kanisa. Watoto wanne waliibeba, upepo ukaibeba pamoja nao, wakaangukia kwenye bendi. Mheshimiwa aliipokea kutoka kwa Mfuko wa Huruma, akaikabidhi kwa Mfuko wa Huruma, akapigiwa makofi mara mbili. Hela zenyewe, Bwana Kanuti alifafanua kwenye kipaza sauti, zilikuwa zimekwisha kutangulia kuwahudumia wagonjwa katika sura ya mahema, fulana, pilau ya wageni na mkasi. Hundi ingehifadhiwa makao makuu.

Ndipo akaitwa Bi Mashavu.

Alipanda ngazi za jukwaa akiwa amevaa gauni lake la Jumapili. Nilikuwa nimempaka mafuta ya nazi kichwani kwa sababu wembe ulimwachia vipele, na jua la alasiri likamng'arisha. Alikuwa mwanamke mwenye mwili. Ugonjwa ulikuwa bado haujamla.

"Huzuni, huzuni," Bwana Kanuti alimnong'oneza kwa nguvu. "Shusha mabega."

Mheshimiwa Zebedayo alikuwa na hotuba ya kurasa arobaini. Alipofika ukurasa wa pili aliinua macho, akamwona Bi Mashavu, akaiweka hotuba chini. Wasaidizi wake walianza kutokwa jasho. Mheshimiwa akiweka hotuba chini, hakuna anayejua nchi itaamkaje.

"Ndugu wananchi!" akasema. "Mtazameni mama huyu! Shavu hili! Mkono huu! Ngozi inavyong'aa! Mimi ni daktari," kisha akakumbuka, "wa heshima, lakini macho ninayo. Je, huyu ni mgonjwa?"

Watu hawakujua jibu linalotakiwa, wakamtazama Bwana Kanuti.

"Siyo mgonjwa! Huyu alikuwa mgonjwa! Mfuko wa Huruma umemfikia! Leo, mbele yenu, natamka kwamba mama huyu amepona!"

Makofi yakalipuka. Nami nilipiga. Mikono katika nchi hiyo ina mazoea yake, unaikuta imeshaanza.

"Mheshimiwa," Bi Mashavu alisema kwenye kipaza sauti, "asante, lakini mimi sijapo—"

Bwana Kanuti alikuwa amekwisha kuchomoa waya. "Mama amezidiwa na furaha!" akapaza sauti yake mwenyewe.

Siwema alitoka kwenye mstari wa ngonjera akakimbia mpaka chini ya jukwaa. "Hajapona! Mama hajapona! Barua yake iko wapi? Mlisema mtampa barua!"

"Mtoto anasemaje?" Mheshimiwa akauliza.

"Anaomba picha ya kumbukumbu, Mheshimiwa."

Wakapigwa picha watatu. Gazeti la kesho yake lilimwonyesha Siwema mdomo wazi, mishipa ya shingo imetoka, na chini yake pameandikwa: Mtoto akishangilia kupona kwa mama yake.

*

Hapa inabidi nieleze sheria ya nchi hiyo. Neno la waziri akiwa nyumbani ni neno tu. Akilisema jukwaani linaitwa Tamko, na Tamko huanza kutumika makofi yanapoisha. Mwaka mmoja kabla, waziri mwingine alitamka kwamba daraja la mto wetu limekamilika. Tangu hapo tunavuka mto huo kwa kuogelea, nguo kichwani, na ng'ambo tunamkuta mtu wa ushuru wa daraja.

Kwa hiyo Jumatatu Bi Mashavu alipokwenda hospitali ya wilaya, jina lake lilikuwa limehamishwa. Halikuwa tena kwenye daftari la wagonjwa. Lilikuwa kwenye daftari jembamba la kijani la waliopona, peke yake, ukurasa wa kwanza. Nilimsindikiza, nikamwona daktari yule yule akilifungua na kulifunga.

"Nipime tu, daktari," Bi Mashavu alisema. "Shika hapa. Uvimbe upo."

"Najua upo, mama."

"Sasa?"

"Nikikupima nikaukuta, nitakuwa nimemkuta Mheshimiwa na uongo. Nina watoto watatu." Alisema hivyo akitazama sakafu. "Kuna njia moja. Omba Kibali cha Kuugua Upya. Masharti yake ni kwamba mwombaji awe amekaa miezi sita akiwa mzima tangu alipopona."

"Nikae mzima miezi sita, ndipo nitibiwe?"

"Ndivyo kanuni inavyosema."

"Na ningekuwa mama yako?"

Daktari alifungua droo. Alimpa vidonge vya maumivu, akavifunga kwenye karatasi bila kuandika jina, haraka kama anayeiba. Kuna wakati namwonea huruma, kisha nakumbuka kwamba alikuwa na macho, alikuwa na mikono, na alikuwa amesoma miaka ishirini.

Mfuko wa Huruma ulimletea Bi Mashavu cheti cha kupona ndani ya fremu. Kisha ukamletea gari limpeleke wilaya nyingine akatoe ushuhuda. Alikataa, wakamwambia mtu aliyepona kwa hela za watoto hawezi kukataa kuwashukuru watoto. Alipelekwa mara mbili. Mara ya pili alianguka jukwaani, na mtangazaji akawaeleza watu kwamba mama amepiga magoti kwa shukrani.

Hakuna aliyekuja tena kusukwa. Nywele zake ziliota fupi, za viraka, na kwa miezi ile alikonda mpaka gauni la Jumapili likamzunguka mara mbili. Siwema aliacha shule ili amwoshe, amgeuze, amlishe. Mwalimu Mfaume alituma barua ya onyo kwa utoro. Nikaenda kumwambia kwamba mama yake yuko hoi.

"Hoi vipi?" akasema akiangalia mlangoni. "Si alipona?"

Kisha, nilipokuwa natoka, akaninong'oneza nimpelekee sukari, akanipa kilo mbili za stoo ya shule, na akaniomba nisiseme zimetoka kwa nani.

Bi Mashavu alifariki mwezi wa tano tangu Tamko, alfajiri, Siwema akiwa amemshika mkono. Ulibaki mwezi mmoja aruhusiwe kuugua.

*

Katika nchi hiyo mtu hazikwi bila kibali, na kibali hakitoki bila sababu ya kifo. Siwema hakuwa na baba, hakuwa na mjomba wa karibu. Tukaenda mimi na yeye kwenye ofisi ya vizazi na vifo. Majirani walibaki nje na mwili juu ya mkokoteni, wamefunika kwa khanga tatu, na jua lilikuwa linapanda.

Karani alikuwa mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alikuwa na sifa moja, kwamba anaandika huku anasikiliza, kalamu haisimami, na ndiyo maana foleni yake ilikwenda haraka kuliko zote wilayani.

"Jina la marehemu?"

"Mashavu binti Songoro."

"Umri?"

"Thelathini na sita."

"Kazi?"

"Msusi."

"Sababu ya kifo?"

"Kansa."

Kalamu ikasimama kabla ya kugusa karatasi. Nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza. Karani alifungua daftari la kijani, akalifunga. "Haiwezekani, mwanangu. Huyu alipona. Ipo hapa, na tarehe. Mtu hafi kwa ugonjwa aliopona."

"Lakini ndiyo iliyomuua."

"Sikatai. Nasema haiwezekani." Akamsogezea karatasi yenye orodha ndefu. "Chagua nyingine. Malaria ipo. Ajali ipo. Radi ipo. Kuna marehemu mmoja jana alipewa uzee, akiwa na miaka ishirini na tisa, hakuna aliyemsumbua. Chagua utakayo, mzike mama yako, jua linawaka."

Siwema aliichukua ile orodha. Aliisoma yote, kutoka juu mpaka chini, akifuata kwa kidole. Watu kwenye foleni nyuma yetu walianza kuguna. Mtu mmoja alisema, "Binti, chukua malaria twende." Nilimgusa bega. Kichwa chake kilikuwa kimejaa nywele, pande zote mbili, maana hapakuwa tena na wa kumkagua.

"Haya," karani alisema, kalamu tayari. "Sababu ya kifo?"

"Mheshimiwa Zebedayo," Siwema akasema.

Kalamu iliandika mpaka mwisho ndipo masikio ya karani yakasikia. Alitazama alichoandika. Akavua miwani, akaivaa. Uso wake ukawa wa majivu.

"Hilo ni jina la mtu, mwanangu. Siyo ugonjwa."

"Najua."

Karani alinyoosha mkono achukue rula apige mstari. Mkono ukaishia njiani. Katika nchi hiyo, kupiga mstari juu ya jina la waziri katika hati ya serikali ni miaka kumi na minne. Kuchana hati yenye jina hilo ni ishirini. Kuificha ni kifungo pia, na fomu zote zina namba, lazima kila moja itoke na mtu. Alikaa akiwa ameinua rula, jasho linamtoka. Foleni yote ilikuwa imerudi nyuma hatua moja, hata aliyetaka malaria.

"Umeniua, binti," akasema polepole.

"Aliyelisema siyo wewe," Siwema alisema. "Wewe umeandika tu. Gonga mhuri, babu. Mama yangu yuko juani."

Karani aligonga mhuri.

Tulimpeleka Bi Mashavu makaburini kabla ya adhuhuri. Mchimba kaburi alikuwa mtu mkali, asiyeruhusu maiti iteremshwe mpaka asome kibali neno kwa neno. Alikisoma hadi chini. Akamtazama Siwema, akatazama mwili mwembamba chini ya khanga tatu. Akakikunja mara mbili, akakiweka katika mfuko wa shati, upande wa kifua.

"Kila kitu kiko sawa," akasema. "Mleteni."